Wikipedia na desturi zake: maneno kwa mwandikaji mgeni



Wanaseminari wengi, na mapadri pia, wanasoma Wikipedia katika telefone mbele ya kufungua kitabu kingine chochote. Wachache wanajua ya kuwa wao wenyewe wana ruhusa ya kuandika ndani yake. Na kati ya wachache hao waliojaribu, tumesikia wengi wakilalamika: waliandika usiku, asubuhi wakakuta maneno yao yamefutwa. Sisi pia tulipatwa na jambo hilo, nasi tutalieleza bila kuficha, kwani kosa lilikuwa letu. Tunataka kuonyesha desturi za nyumba ile na sababu zake, na hasa desturi moja inayotugusa sisi watu wa Kongo kupita zote: ile inayosema kwamba neno lisiloandikwa mahali pengine haliingii.

Wikipedia ni kitu gani? Ni ensiklopedia, ni kusema kitabu kinachokusanya maarifa ya kila namna, lakini kitabu hiki hakina kurasa za karatasi wala mwandishi mmoja. Asili yake inafundisha. Mwaka 2000 Mmarekani Jimmy Wales alianzisha katika intaneti ensiklopedia iliyoitwa Nupedia, na Larry Sanger, mtu wa filozofia, akawekwa kuiongoza. Mpango wake ungempendeza kila profesa wa seminari kubwa: bingwa anaandika makala, makala inapita hatua saba za kuhakikishwa, kisha inatolewa. Na matunda yake? Mpaka Nupedia ilipofungwa mwaka 2003, makala yaliyomaliza hatua zote hayakufika hata thelathini. Mbele ya hapo, tarehe 15 Januari 2001, walikuwa wamefungua kiwanja kingine pembeni, ambapo kila mtu anayepita aliweza kuandika na kusahihisha papo hapo. Walitumia namna iliyobuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995 na kuitwa wiki, neno la watu wa Hawaii, maana yake upesi. Kiwanja kile kilikusudiwa kuwa kitalu cha kulelea miche ya Nupedia. Kitalu kikamea, shamba likafa.

Leo Wikipedia iko katika lugha zaidi ya 300. Ile ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6, ile ya Kifaransa zaidi ya milioni 2. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na imepita makala 70,000. Ya Lingala nayo iko, lakini ni ndogo. Shirika la Wikimedia Foundation, lililoanzishwa Marekani mwaka 2003, linatunza mashini na kupokea sadaka za wasomaji. Kuandika na kusahihisha ni kazi ya watu wanaojitolea, bila mshahara.

Hapa mtu aliyelelewa katika seminari anauliza mara moja: basi mkubwa ni nani? Nani anatoa ruhusa ya kuchapa? Jibu linashangaza. Hakuna. Kuna watu wanaoitwa wakabidhi katika Wikipedia ya Kiswahili. Wenye kutumia Kifaransa wanapenda kusema ya kuwa hao wamepewa ufagio. Wanaweza kufuta ukurasa, kuufunga kwa muda, kumzuia mwenye fujo. Lakini wakati watu wawili wanagombana juu ya tarehe ya vita fulani, mkabidhi hana neno la mwisho kwa sababu ya ukabidhi wake. Ufagio haufundishi historia. Neno la mwisho ni la kitabu kinachoonyeshwa.

Sasa tueleze yaliyotupata. Jioni moja ya likizo tulifungua Wikipedia ya Kifaransa ili tutafute utawala wa kimila tulimozaliwa. Tukakuta mistari mitatu tu. Haya ilitushika. Tukaandika mpaka usiku wa manane: asili ya jina la kijiji, chifu wa zamani aliyewapokea wageni wa kwanza, tanuri ya matofali, daraja la miti juu ya mto na watu waliolijenga. Mambo hayo tulikuwa tumeyasikia kwa mzee mmoja, aliyekuwa mtoto wa kubeba maji kwenye tanuri ile, na ambaye akili yake bado ni nzima kabisa. Tuliandika vizuri, au tulidhani hivyo. Tulimwita chifu yule mwenye hekima, mpenda amani, baba wa watu wake.

Asubuhi mistari mitatu ya zamani ilikuwa pale, na yetu haikuwepo. Tukairudisha. Ikaondolewa tena, pamoja na maneno machache ya upole yaliyotuomba tuonyeshe habari hizi zimeandikwa wapi. Tukairudisha mara ya tatu, na safari hii tukaongeza neno ambalo leo linatuaibisha: tulisema ya kuwa sisi ni padri, tumezaliwa pale, na yule anayefuta hakuona hata mto wenyewe. Hakutujibu juu ya upadri wetu. Alirudia tu kuuliza kitabu.

Kwa wiki mbili tulikuwa na hasira. Baadaye tulianza kusoma sheria za nyumba, jambo ambalo tungefanya mbele ya kuandika.

Sheria ya kwanza tuliyoivunja ndiyo hiyo ya kitabu. Kila habari inayoweza kutiliwa shaka lazima iwe na uthibitisho: kitabu, gazeti, au maandiko mengine yaliyotolewa hadharani na watu wa kuaminika, ambayo msomaji mwingine anaweza kuyatafuta na kuyasoma. Angalieni vizuri: hawaulizi kama ni kweli. Wanauliza kama inaweza kuhakikishwa. Tulipolisoma neno hilo kwanza tuliliona ni udhaifu wa imani, kama vile watu hawajali ukweli. Lakini fikirini. Yule anayesoma Paris au Kigali hamjui mzee wetu, wala hatujui sisi. Nyuma ya jina la mwandikaji anaweza kuwa mtu yeyote.

Tena jambo hilo limetokea, na kwa aibu kubwa. Katika Wikipedia ya Kiingereza palikuwa na mwandikaji mmoja, mkabidhi aliyepewa vyeo vikubwa, aliyejiita profesa wa chuo kikuu, mwenye doktora ya teolojia na ya sheria za Kanisa. Katika mabishano alitumia mara nyingine vyeo vile ili apate kusadikiwa. Mwaka 2006 gazeti The New Yorker lilimtaja kwa heshima. Mwaka 2007 ikajulikana ya kuwa ni kijana wa miaka 24, asiye profesa wala mwenye doktora yoyote. Tuliposoma habari hiyo tukakumbuka neno letu, «sisi ni padri», tukaelewa kwa nini hakuna aliyelijibu. Kwa upande wa msomaji wa mbali, sisi na kijana yule tulikuwa sawasawa.

Kuna mfano mwingine, mzito zaidi, kwa sababu uliumiza jina la mtu. Mwezi wa Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika maisha ya John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti wa Marekani, ya kuwa alishukiwa kushiriki katika kuuawa kwa rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu. Ulikaa pale zaidi ya miezi minne. Mwisho wa mwaka ule Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mapya. Na tangu hapo maisha ya watu walio hai yanalindwa kwa ukali kuliko jambo lingine lolote. Neno baya juu ya mtu aliye hai, pasipo uthibitisho, linafutwa mara moja bila kungoja mazungumzo. Mwanaseminari anayetaka kuandika habari za askofu wake, mbunge wake au mwanamuziki anayempenda, na aanze kwa kukumbuka hilo.

Wengine watasema: basi kitabu namna hii, chenye kuandikwa na yeyote, hakifai kitu. Hapana. Mwaka 2005 gazeti la elimu Nature liliwapa mabingwa makala 42 ya elimu ya viumbe na maumbile, kutoka Wikipedia na kutoka Encyclopædia Britannica, wasijue ipi ni ipi. Kwa wastani walikuta makosa karibu 4 kwa kila makala ya Wikipedia, na karibu 3 kwa ile ya Britannica. Wenye Britannica walikataa hesabu hiyo kwa nguvu. Hata hivyo tofauti si ile ambayo mtu angeingoja kati ya mabingwa wanaolipwa na umati wa wapitaji. Inayoleta tofauti kuwa ndogo namna hii ndiyo desturi ile ile iliyotuudhi.

Sheria ya pili tuliyoivunja ni ya kutoegemea upande. Kwa kueleza, tuchukue Padri Stefano Kaoze. Mwandikaji mgeni ataandika: padri mashuhuri, mwenye akili kubwa, nuru ya Afrika. Wikipedia inataka: alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, naye alikuwa padri wa kwanza Mwafrika wa Kongo ya Wabelgiji. Na ni ipi kati ya hizo inayomheshimu zaidi? Sisi tunaona ni ya pili. Sifa inaweza kupewa mtu yeyote. Tarehe ile ni yake peke yake.

Lakini kazi ni ngumu zaidi pale ambapo watu hawapatani. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga na Kongo, na mambo hayo yakaendelea mpaka Januari 1963. Katika familia moja ya Lubumbashi baba mkubwa anaita siku zile uhuru, na mjomba anaziita uasi. Ensiklopedia haiwezi kuchagua mmoja wao. Inasema yaliyotokea, kisha inasema nani anayaita namna gani, na kila upande unapewa nafasi kwa kipimo cha maandiko yake. Si kusema pande zote ni sawa. Mtu mmoja anayebisha peke yake juu ya jambo ambalo wanahistoria wote wamekubaliana hapewi nusu ya ukurasa.

Sheria ya tatu inahusu magomvi, na hapa pia tulikosa. Kila makala ina ukurasa wa pili nyuma yake, unaoitwa majadiliano. Neno lako likiondolewa, usilirudishe kwa nguvu. Nenda katika ukurasa ule, eleza, weka sahihi yako (unaandika alama ~ mara nne, na mashini inaweka jina na saa), ungoje. Katika Wikipedia ya Kifaransa, na ya Kiingereza vilevile, anayerudisha maneno yake zaidi ya mara tatu katika saa 24 anaweza kuzuiwa, hata kama ana haki. Sisi tulisimama ukingoni. Kuna pia ukurasa wa historia, unaotunza kila badiliko tangu siku ya kwanza: nani, saa ngapi, neno gani. Kwa hiyo kilichofutwa hakijapotea, isipokuwa makala nzima imeondolewa. Maneno yetu ya usiku ule bado yako pale, pamoja na majivuno yetu, na yeyote anaweza kuyasoma.

Desturi inawaamuru wenyeji pia. Wanapaswa kudhani ya kuwa mgeni amekuja kwa nia njema, na kuna sheria inayowakataza kuwauma wageni. Ndivyo inavyosema, kuwauma. Inashikwa siku zote? Tusidanganyane. Tangu mwaka 2007 hesabu ya waandikaji wa Wikipedia ya Kiingereza ilipunguka miaka mingi mfululizo, na waliochunguza jambo hilo walikuta sababu moja kubwa: wageni wenye nia njema wanafutiwa kazi yao upesi mno, mara nyingi kwa mashini na pasipo neno la kuwafundisha. Wanaondoka, hawarudi.

Juu ya mambo mengine tutasema kwa kifupi. Usiandike juu yako mwenyewe, wala juu ya shirika lako, chuo chako, au mtu anayekulisha; ukiona kosa pale, litaje katika majadiliano ili mwingine alisahihishe. Usinakili kitabu cha mtu, hata ukitaja jina lake, kwa maana haki ya mwandishi inalindwa, na wewe huwezi kutoa zawadi kitu kisicho chako. Kwani kila unachoandika ni zawadi: yeyote anaweza kukichukua, kukibadili, hata kukiuza, mradi ataje kilikotoka na awaachie wengine ruhusa ile ile. Kutafsiri makala ya Kifaransa katika Kiswahili kunaruhusiwa, ukisema imetoka wapi. Na si kila kitu kinapata makala yake. Ile ya Kifaransa, kwa kawaida, inataka maandiko mawili au zaidi yanayohusu jambo lile hasa, ya watu wasio na faida ndani yake, na kati yao miaka miwili imepita.

Anayetaka kuingia kwa Kiswahili atakutana na jambo lingine. Makala ya kule yanaandikwa kwa Kiswahili sanifu, na waandikaji wengi ni wa Tanzania na Kenya. Sisi tunaosema «mbele ya kula» tutasahihishwa tuandike «kabla ya kula». Wengine kati yetu wanaona uchungu. Sisi hatuoni sababu: hata katika Kifaransa hatuandiki kama tunavyosema njiani. Kwa upande mwingine, mlango wa Kiswahili ni mpana kwa mgeni. Makala mengi ni mafupi mno, nayo yana alama chini inayosema ya kuwa bado ni mbegu, na msomaji anaombwa aikuze. Vijiji, mito na watu wa Kongo vina mbegu nyingi, na mahali pengine hata mbegu haijapandwa.

Tunarudi kwa mzee wetu, maana hapo ndipo mzigo ulipo. Sheria ya kitabu ni ya haki, tumekubali. Lakini haki hiyo inawaangukia watu kwa namna isiyo sawa. Mji mdogo wa Ubelgiji una maandiko juu ya kanisa lake, soko lake, hata chemchemi yake. Kijiji chetu kina kumbukumbu za wazee. Yaliyoandikwa juu yetu zamani yaliandikwa zaidi na wasimamizi wa serikali na wamisionari, nao waliandika waliyoyaona wao. Basi chifu yule anaingia katika ensiklopedia akiwa na jina alilopewa na mgeni, na tarehe aliyokutana na mgeni, na baada ya hapo kimya.

Wenyeji wa Wikipedia wenyewe wameliona jambo hili. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India, pamoja na wenzake, walijaribu njia nyingine katika India na Afrika ya Kusini. Waliwahoji watu wa vijijini juu ya michezo, mapishi na ibada zao, wakatunza sauti zao, kisha wakaandika makala kwa Kimalayalam, Kihindi na Kisepedi wakitaja sauti zile kuwa uthibitisho. Sinema yao inaitwa People are Knowledge. Jaribio lilizusha mabishano mengi, na sheria haikugeuka: sauti ya mzee iliyotunzwa na mwandikaji mwenyewe bado haihesabiwi kama kitabu.

Sisi hatungoji sheria igeuke. Tumeona ya kuwa iko njia iliyo wazi tangu zamani, nasi hatukuipita kwa uvivu. Makala ya Wikipedia si mahali pa kwanza pa kuandika habari. Ni mahali pa mwisho. Kwanza mtu aketi na mzee, aandike jina lake, umri wake, siku ya mazungumzo, na aliyoyaona kwa macho yake mbali na aliyoyasikia kwa wengine. Aulize mzee wa pili, asiye wa ukoo ule. Alinganishe na daftari za misioni na za serikali, kama ziko. Kisha atoe kazi hiyo katika gazeti lenye mkuu anayeisoma na kuirudisha ikiwa na makosa, na lenye nakala zinazotunzwa katika maktaba. Siku ile habari inakuwa na mahali pa kuonyeshwa. Na aiingize katika ensiklopedia mtu mwingine, asiye mwandishi wake. Ni vizuri zaidi.

Ndivyo tulivyoanza. Mzee wetu anapita miaka 80, naye anachoka upesi, kwa hiyo tunakwenda kwake asubuhi. Tumemwendea mara nne. Mara ya kwanza alicheka kusikia ya kuwa maneno yake yamekataliwa na mtu wa Ufaransa. Akasema ni kweli, hata yeye asingemsadiki mtu asiyemjua. Alitutajia majina 14 ya watu waliofyatua matofali ya tanuri ile. Tisa tumeyakuta pia katika daftari ya zamani ya misioni, yameandikwa vibaya lakini yanatambulika. Matano hayamo. Katika makala tuliyompa mkuu wa gazeti hili tumeyaweka yote 14, na mbele ya yale matano tumeandika: kwa ushuhuda wa mzee mmoja. Tunatafuta wa pili. Tumesikia ya kuwa binti wa mmoja wa watu hao angali hai, katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto; tutavuka mvua zikipunguka.